Kabla ya Msimu wa MIAC: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Futiboli ya Vyuo Vidogo vya Minnesota

Kila Agosti, Waswahili wa Minneapolis, St. Paul na Brooklyn Park ambao watoto wao wameingia vyuo hivi huuliza mambo yaleyale kuhusu futiboli ya Kimarekani. Nyumbani Nairobi na Dar ndugu nao wanataka kujua huyo kijana anacheza mchezo gani na timu yake ina nafasi gani. Majibu ndiyo haya. Unaweza kuanzia popote. Jibu linalotegemea jingine limetaja swali la kwenda kutazama.

## Mambo ya msingi

MIAC ni nini, na ni timu zipi zinazocheza?

Ni konferensi, yaani ligi ya vyuo vya eneo moja vinavyoshindana katika michezo mingi, na vyuo vyenyewe ni vya binafsi, vya jimbo la Minnesota. Ilianzishwa mwaka 1920. Kwenye futiboli kuna timu kumi: Augsburg ya Minneapolis, Bethel ya Arden Hills, Carleton na St. Olaf ambazo zote ziko mji mdogo wa Northfield, Concordia ya Moorhead mpakani na North Dakota, Gustavus Adolphus ya St. Peter, Hamline na Macalester za St. Paul, St. John's ya Collegeville, na St. Scholastica ya Duluth kando ya Ziwa Superior.

Msomaji wa Afrika Mashariki hayuko mbali na vyuo hivi kama anavyodhani. Augsburg iko Cedar-Riverside, mtaa unaojulikana sana kwa jamii yake ya Wasomali. Macalester ndiko alikosoma Kofi Annan, akahitimu mwaka 1961. Na Walutheri wa Iringa wanaujua vizuri ushirika wa Bega kwa Bega kati ya dayosisi yao na sinodi ya eneo la St. Paul. Baadhi ya vyuo hivi, kama Augsburg, Gustavus, Concordia na St. Olaf, ni vya Kilutheri.

Daraja la Tatu maana yake ni timu za mwisho?

Hapana. MIAC iko Daraja la Tatu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Chombo hicho kina madaraja matatu, lakini hakuna kupanda wala kushuka kama Ligi Kuu ya kwetu. Chuo kinachagua daraja kwa falsafa na bajeti. La Tatu ni la vyuo vilivyoamua kutolipa wachezaji ufadhili wa masomo kwa sababu ya mchezo. Bingwa wake anapatikana kwenye fainali ya taifa iitwayo Stagg Bowl, inayochezwa tangu 1973, na ukitazama mechi ile hutasema hawa ni wa mwisho.

Msimu unaanza lini na una mechi ngapi?

Wachezaji huripoti kambini katikati ya Agosti. Siku za kwanza wanavaa kofia ngumu tu, kisha wanaongeza kinga za mabega, ndipo wanavaa vifaa vyote. Hiyo ni kanuni ya kuwazoesha joto. Mechi zinaanza mapema Septemba na ni kumi kwa kila timu, karibu zote Jumamosi mchana. Katikati ya Novemba, wakati theluji imeshaanza kutishia, zinakuwa zimekwisha, isipokuwa kwa walioingia mtoano.

## Kusoma utabiri

Orodha ya makocha inayotoka kabla ya msimu inapatikanaje?

Kila kocha anazipanga timu nyingine kwa nafasi, haruhusiwi kuipigia timu yake. Kura zinajumlishwa. Basi.

Kwa hiyo unachosoma ni maoni ya watu kumi ambao mwezi Agosti wana kazi nyingi, na wengi wao wanaandika kwa kukumbuka nani aliwafunga Oktoba iliyopita. Orodha hizo huwa sahihi juu kabisa na chini kabisa. Nafasi ya tatu hadi ya saba ndipo zinapokosea, na ndipo msimu wenyewe unapoamuliwa.

Basi niangalie nini badala ya orodha?

Angalia wazuiaji watano wa mbele, wale wanaomkinga mrushaji wa mpira timu inaposhambulia. Ukiniuliza swali moja tu kuhusu timu yoyote ya MIAC, nitakuuliza nami: wangapi kati ya wale watano wamerudi?

Sababu yake ni hii. Katika daraja lenye fedha, kocha anayepoteza wazuiaji anaweza kwenda sokoni akaleta wengine walioiva. Huku hana cha kuwapa. Kijana anafika akiwa na miaka kumi na minane na kilo tisini na tano, na inachukua miaka miwili au mitatu ya kula, kunyanyua vyuma na kujifunza miguu kabla hajaweza kumzuia mtu wa miaka ishirini na mbili. Hakuna njia ya mkato. Timu yenye wazuiaji wanne wa mwaka wa tatu na wa nne inakuwa na msimu mzuri hata ikiwa mrushaji wake ni mgeni. Timu yenye mrushaji mahiri na wazuiaji wachanga itampeleka mrushaji huyo hospitali.

Nenda kwenye mazoezi ya Agosti, mengi yako wazi kwa watu kutazama, ukasimame nyuma ya ile safu, usisimame pembeni. Usiufuate mpira. Tazama miguu ya wale watano mpira unapotolewa. Katika safu iliyozoeana, hatua ya kwanza inatoka kwa wote kwa wakati mmoja, mgongo umelala, mikono imetangulia kifuani mwa mpinzani, na wakikuta beki amehama, wawili wanapokezana bila hata kugeuka kuangaliana. Katika safu changa utaona mmoja amechelewa nusu sekunde na mwingine anageuza kichwa kumuuliza jirani. Nusu sekunde hiyo ndiyo inayokuja kumwangusha mrushaji Oktoba.

Baada ya hapo angalia mambo mengine kwa utaratibu huu: kwotabeki (yule mrushaji) ameanza mechi ngapi, safu ya mbele ya ulinzi ina watu wangapi wa kubadilishana, na ratiba. Kucheza na timu mbili kali nyumbani au ugenini kunaweza kubadilisha nafasi mbili kwenye msimamo.

Mbona nyota wa mwaka jana hawatajwi sana katika utabiri wenu?

Kwa sababu wengi wamehitimu na wako kazini. Mchezaji wa Daraja la Tatu ana mihula kumi ya masomo ya kumalizia misimu yake minne. Kuna waliopewa msimu wa ziada baada ya mechi za vuli 2020 kufutwa kwa sababu ya korona, na kwa miaka kadhaa vikosi vilijaa watu wa miaka ishirini na tatu. Kipindi hicho kimepita. Sasa kila Agosti robo ya kikosi ni wapya.

Mechi za mwanzo dhidi ya timu za nje ya MIAC zina uzito gani?

Kwa ubingwa wa MIAC, hazina pointi. Kwa kuijua timu, zina uzito mkubwa kuliko orodha yoyote. Wapinzani wengi wanatoka jimbo jirani la Wisconsin, ambako konferensi ya vyuo vya serikali iitwayo WIAC ni kati ya kali kuliko zote katika daraja hili. Whitewater peke yake imechukua ubingwa wa taifa mara sita. Timu ya MIAC ikipoteza kwa pointi tatu huko Septemba, usiifute. Ikishinda kwa arobaini dhidi ya timu isiyojulikana, usiandike barua ya kusifu bado.

Hizi mechi pia zinahesabika kwenye kuingia mtoano. Tazama swali la mtoano hapo chini.

## Timu kwa timu

Kwa nini St. John's inatabiriwa kuwa ya kwanza karibu kila mwaka?

Jibu fupi ni kocha John Gagliardi, hata sasa ambapo hayupo.

Alifika Collegeville mwaka 1953 akitoka chuo cha Carroll huko Montana, akakaa misimu 60 hadi 2012. Alimaliza kazi yake akiwa na ushindi 489, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa futiboli ya vyuo aliyeifikia. Ushindi wa 409, ule uliompitisha kocha Eddie Robinson aliyekuwa akishika rekodi, aliupata Novemba 2003 dhidi ya Bethel, 29–26, na wiki chache baadaye timu hiyohiyo ikaifunga Mount Union 24–6 kwenye Stagg Bowl na kukata mfululizo wao wa mechi 55 za ushindi. Huo ulikuwa ubingwa wa nne wa taifa wa chuo hicho, baada ya 1963, 1965 na 1976.

Jinsi alivyoshinda ndiyo inayowashangaza watu. Alikataza kuangushana mazoezini. Hakutumia filimbi. Hakuwaruhusu wachezaji kumwita kocha, walimwita John. Mazoezi hayakuzidi dakika tisini. Alitaka wachezaji wafike Jumamosi wakiwa wazima na wenye hamu, na alirekebisha kosa dogo la mguu mara mia bila kupaza sauti. Makocha waliozoea kuamini kwamba mchezaji lazima ateswe ndipo acheze wamekuwa na wakati mgumu kulieleza hilo kwa miaka sitini.

Gary Fasching, aliyekuwa msaidizi wake, alimpokea mwaka 2013 na timu haikushuka. Mwaka 2018 mrushaji wake Jackson Erdmann alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa daraja lote, tuzo inayobeba jina la Gagliardi mwenyewe, na mwaka 2019 walifika nusu fainali ya taifa wakatolewa na Whitewater 35–32. Uwanja wao, Clemens, umo ndani ya bonde lililozungukwa na miti kando ya abasia ya Wabenedikto, na unajaa. Vijana wa shule za sekondari za Minnesota wanakua wakitaka kucheza pale. Hiyo haionekani kwenye takwimu lakini ndiyo inayojaza kikosi.

Nani anaweza kuwazuia?

Bethel. Tangu St. Thomas iondoke (tazama swali lake), kinyang'anyiro cha juu kimekuwa hasa cha hizi mbili. Bethel imejengwa kwa subira chini ya Steve Johnson, aliyeiongoza kwa zaidi ya miongo mitatu na kuifikisha nusu fainali ya taifa mwaka 2007 na 2010. Ni timu inayokimbia na mpira, inayoshika muda, na ambayo ulinzi wake hauchoki robo ya nne. Ukitaka kuamua kati yake na St. John's kabla ya mwaka wowote, rudi kwenye lile swali la wazuiaji. Yenye wengi waliorudi, ichague hiyo.

Timu za katikati zipangweje?

Hapa kila mtu ana lake. Gustavus, Concordia, Carleton, Augsburg na St. Olaf zinaweza kubadilishana nafasi zote tano kati ya mwaka na mwaka.

Carleton ndiyo iliyonifurahisha zaidi miaka ya karibuni. Ni chuo kigumu mno kuingia, na kwa muda mrefu watu walidhani chuo cha namna hiyo hakiwezi kushindana uwanjani. Kimeonyesha kinaweza, kwa mashambulizi ya kurusha mipira yanayowapa wapinzani shida. Concordia ina historia nzito, wazee wa Moorhead bado wanazungumzia timu za miaka ya 1970 na 1980, na safari ya kwenda kucheza kule upepo wa nyanda unakovuma haimfurahishi mgeni yeyote. Augsburg inafunga pointi nyingi na inafungwa nyingi. Gustavus huwa ngumu nyumbani.

St. Olaf inahitaji neno la pekee. Oktoba 2017 walifungwa 97–0 na St. Thomas. Kijana aliyesajiliwa baada ya kipigo kile na akakubali kuja anastahili heshima ya mtazamaji, na timu iliyojengwa upya kutoka hapo siyo ya kudharau.

Hamline, Macalester na St. Scholastica zina matumaini gani?

Ushindi wa mechi tatu au nne ni msimu mzuri kwao kwa sasa. St. Scholastica iliingia MIAC mwaka 2021 ikitoka konferensi nyepesi zaidi, na pengo la wingi wa wachezaji walioiva kikosini halizibwi kwa mwaka mmoja.

Macalester ina hadithi inayofaa kujulikana. Kati ya 1974 na 1980 ilipoteza mechi 50 mfululizo, kisha Septemba 1980 ikashinda 17–14 kwa mkwaju wa kati ya milingoti mwishoni mwa mechi. Baada ya msimu wa 2001 iliacha kucheza futiboli ndani ya MIAC, ikarudi 2021. Chuo kingine kingeivunja timu moja kwa moja. Wao waliendelea kuvaa jezi.

St. Thomas ilienda wapi?

Iliondolewa. Ilikuwa mwanachama mwanzilishi, na ilifika fainali ya taifa mwaka 2012 na 2015, lakini ilikuwa imekua kwa wanafunzi na fedha kupita wenzake kwa mbali. Mei 2019 ilitangazwa kwamba italazimika kutoka, na baada ya mwaka wa masomo wa 2020–21 ikaenda moja kwa moja Daraja la Kwanza, hatua isiyokuwa ya kawaida kabisa.

Naona uamuzi ule uliinusuru konferensi, lakini uligharimu mechi bora kuliko zote. Septemba 2017 St. Thomas na St. John's walicheza Target Field, uwanja wa besiboli wa Minneapolis, mbele ya watu 37,355, rekodi ya Daraja la Tatu. Hakuna mechi ya sasa ya MIAC inayoweza kukaribia hapo.

## Mtoano

Bingwa wa MIAC anapata nini?

Anaingia moja kwa moja kwenye mtoano wa taifa. Tangu 2024 mtoano una timu 40, zamani zilikuwa 32. Nafasi zinazobaki baada ya mabingwa wa konferensi kuingia zinagawiwa kwa kipimo cha hesabu kinachoangalia ushindi na ubora wa wapinzani. Ndiyo maana timu ya pili ya MIAC inaweza kuingia pia, hasa ikiwa imecheza na wakali wa Wisconsin na haikuaibika.

Je, timu ya MIAC inaweza kuchukua ubingwa wa taifa?

Ya mwisho kufanya hivyo ni St. John's ya 2003. Tangu hapo kikwazo kimekuwa kilekile: vigogo kama Mount Union ya Ohio, yenye mataji 13, na North Central ya Illinois, iliyoshinda 2019, 2022 na 2024. Robo fainali ni lengo la haki. Zaidi ya hapo inahitaji afya ya kikosi na mechi za nyumbani.

## Maswali ya wazazi

Mwanangu atapata ufadhili kwa sababu anacheza?

Hapana, na mtu akikuahidi hivyo mkimbie. Chuo cha Daraja la Tatu hakiruhusiwi kutazama uwezo wa michezo kinapogawa misaada ya ada. Lakini vyuo hivi vinatoa misaada mikubwa kwa alama za darasani na kwa hali ya kipato cha familia, kwa hiyo bei iliyoandikwa kwenye tovuti siyo ambayo familia nyingi hulipa. Kabla ya kumsikiliza kocha, kaa na ofisi ya misaada ya fedha, uliza kwa maandishi: bila mchezo, mwanangu analipa kiasi gani mwaka wa kwanza, na msaada huu unadumu miaka minne? Kama jibu linakubalika hata akivunjika mguu wiki ya kwanza, chuo hicho kinamfaa.

Amecheza soka maisha yake yote. Anaweza kuwa mpigaji?

Anaweza, na nafasi ya mpigaji ndiyo mlango ambao vijana waliolelewa na soka wameingilia kwa miaka mingi. Nguvu ya mguu anayo tayari. Anachokosa ni mdundo: mpira unatolewa, unashikwa, unapigwa, yote kwa sekunde moja na kitu, huku watu wakimkimbilia. Hilo linafundishika ndani ya kiangazi kimoja. Amwandikie kocha mapema, na ambatanishe video fupi ya mikwaju ya yadi 30, 35 na 40, bila muziki.

Kuna wachezaji zaidi ya mia kikosini. Atacheza kweli?

Mwaka wa kwanza, pengine kwenye mechi za kikosi cha akiba tu. Vikosi vikubwa ni kawaida hapa, na vyuo vinavipenda kwa sababu kila mchezaji ni mwanafunzi anayelipa. Muulize kocha wazi: nafasi yake ina watu wangapi, na wangapi wanahitimu? Kocha mwaminifu atakutajia idadi palepale.

Anaruhusiwa kulipwa na duka au kampuni?

Ndiyo, tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaweza kulipwa kwa kutumia jina na sura yake. Kwenye daraja hili ni fedha za chakula, siyo za nyumba. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo azungumze kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo, kwa sababu sheria za uhamiaji ni jambo jingine kabisa na kosa lake ni zito.

## Maswali ya pembeni

Nikiwa Nairobi au Dar, mechi ni saa ngapi?

Vyuo vingi hurusha mechi zao mtandaoni. Mechi ya saa saba mchana ya Minnesota ni saa tatu usiku Afrika Mashariki. Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, kwa hiyo mechi za mwisho wa msimu zinaanza saa nne usiku.

Mechi ikiisha sare?

Haiishi sare. Tangu 1996 futiboli ya vyuo ina muda wa nyongeza: kila timu inapewa mpira kwenye mstari wa yadi 25 kujaribu kufunga. Wakiendelea kulingana, kuanzia nyongeza ya tatu wanabaki kujaribu mchezo mmoja mmoja wa pointi mbili mpaka mmoja akosee.

Ni kweli kuna mechi iliyochezwa kwa mita?

Ni kweli. Tarehe 17 Septemba 1977, Marekani ikijadili kuhamia vipimo vya metriki, Carleton na St. Olaf walicheza Northfield kwenye uwanja wa mita 100 kwa 50, ambapo timu ilipaswa kusogea mita kumi badala ya yadi kumi. Uwanja ukawa mrefu kwa karibu mita tisa kuliko kawaida. St. Olaf walishinda 43–0, na mechi hiyo haijarudiwa.